Bodi ndogo ya bei rahisi inajizima vijana wakiunganisha simu: niitupe?

*"Habari za kazi mtaalamu. Nina kituo kidogo cha twisheni hapa Igoma, Mwanza, kwa vijana wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Bando ni ghali, kwa hiyo nilinunua bodi ndogo ya kompyuta ya bei rahisi, chipu yake ni Allwinner H3 na RAM ni GB 1. Nilitaka niweke Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, na mitihani ya nyuma ya NECTA, vijana wasome kwa simu zao bila intaneti. Nikiwa peke yangu inafanya kazi. Vijana kumi wakiunganisha, inajizima na kujiwasha, na waifai inapotea. Nimeweka chaja ya fasti chaji ya wati 33, hakuna kilichobadilika. Waya ni wa mita mbili kwa sababu soketi iko mbali. Kadi ya memori ya GB 64 niliyoinunua Makoroboi imekufa mara mbili: fundi anaiflashi (anaiwekea mfumo upya), inawaka vizuri, nikishanakili faili kubwa la Wikipedia, kesho yake inabaki taa nyekundu tu. Bodi yenyewe inaunguza kidole. Nilijaribu pia kuitumia kama kompyuta ya kawaida, YouTube ikawa inakatakata. Fundi anasema bodi ni feki, niitupe ninunue bodi ya Raspberry Pi. Nimebakiwa na shilingi 150,000. Nifanye nini?"*

Mwalimu, pole sana. Umeweka pesa kwenye kitu ulichokusudia kiwasaidie watoto wa watu, nacho kikakuaibisha mbele ya darasa zima. Jina la bodi nimeliondoa kwenye swali lako, maana ninayokueleza yanahusu karibu bodi zote za daraja hilo.

Nikiusoma ujumbe wako naona umeuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwa nini kitu hiki kinakusumbua, na la pili ni kama pesa yako imeshapotea. Kwa hilo la pili nakujibu mapema: kwa ulivyoeleza, bodi huenda ni nzima. Ninaoutilia shaka zaidi ni ule waya wa mita mbili na ile kadi ya GB 64. Ukinunua Raspberry Pi leo ukaichomeka kwenye waya huohuo na kadi hiyohiyo, wiki ijayo utaniandikia tena.

Tuanze na umeme, kwa sababu dalili yako imejieleza yenyewe. Ukiwa peke yako inakwenda, vijana kumi wakiingia inakufa. Programu inaweza kuchangia, lakini cha kuanza kushuku ni umeme. Kilichobadilika ni kwamba chipu na redio ya waifai vimeanza kufanya kazi kwa nguvu, na vikifanya kazi kwa nguvu vinavuta ampia nyingi zaidi.

Sasa angalia waya. Nyaya nyingi za chaja za bei ya chini zina shaba nyembamba sana ndani, ya kipimo kinachoandikwa 28AWG. Shaba ya kipimo hicho ina ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wako wa mita mbili ni sawa na mita nne za shaba, yaani omu 0.85 hivi. Chukulia bodi ikiwa imetulia inavuta ampia 0.3. Zidisha: volti 0.26 zinapotelea njiani, chaja inatoa 5, bodi inapata 4.74. Hapo iko ukingoni lakini inaishi. Vijana wakiunganisha, tuseme inavuta ampia 1. Sasa zinapotea volti 0.85, na bodi inapata 4.15. Vifaa vya USB vya kawaida vinatarajia zisipungue 4.75. Volti ikishuka kiasi hicho, saketi zinazogawa umeme kwa chipu, kadi na waifai zinayumba, na bodi inajianzisha upya. Waifai nayo inaweza kutangulia kupotea kabla bodi haijazima, kama ulivyoona.

Ndiyo maana chaja ya wati 33 haikukusaidia kitu. Hizo wati 33 zinapatikana pale tu simu na chaja vinapokubaliana kupandisha volti au ampia kwa utaratibu wao maalumu. Bodi yako haina utaratibu huo, kwa hiyo chaja inabaki kwenye volti 5 za kawaida. Geuza chaja usome maandishi madogo, tafuta panapoandikwa 5V na ampia zilizo mbele yake. Hizo ndizo zako. Namba kubwa iliyoko kwenye boksi haikuhusu. Chaja ya kawaida ya volti 5 na ampia 2 au 3 za kweli inakutosha kabisa.

Dawa ya hapo ni waya mfupi, nusu mita au chini yake, ulioandikwa 20AWG au 22AWG. Namba ikiwa ndogo, shaba ni nene. Nusu mita ya 20AWG inapoteza volti 0.03 tu kwa ampia 1. Na kama soketi iko mbali, vuta ekstensheni ya umeme wa ukutani mpaka karibu na bodi, usirefushe waya wa volti 5. Kwenye volti 230 umbali wa mita mbili haupunguzi chochote cha kukusumbua.

Huenda fundi wako alipima chaja akakuta volti 5.1 na kukuambia umeme uko sawa. Alipima upande ambao haujaharibika. Vipima vile vya USB vinavyochomekwa kwenye chaja vina kasoro hiyohiyo, vinakuonyesha mwanzo wa safari ya umeme. Pima mwisho wake: testa (multimita) kwenye pini za bodi zenyewe, wakati vijana wote kumi wameunganisha na kufungua kurasa. Kwenye bodi zenye pini 40 zilizopangwa kama za Raspberry Pi, pini ya 2 ni volti 5 na ya 6 ni hasi. Hakikisha kwanza kwa mchoro wa bodi yako, na mkono uwe mtulivu: pini ya 4 iliyo katikati nayo ina volti 5, ncha ya testa ikigusa ya 4 na ya 6 kwa pamoja ni shoti. Kama hujazoea, mpe fundi ashike testa, wewe soma namba.

Kwa haki yake, Raspberry Pi inamzidi mwenzake hapa kwa jambo moja. Nyingi kati ya bodi zake zina kitambuzi: volti zikishuka chini ya takriban 4.63 inatoa alama ya radi kwenye skrini, na amri ya `vcgencmd get_throttled` inakwambia kama tatizo limetokea tangu ilipowashwa. Jibu la 0x0 maana yake ni salama. Bodi yako haina mlinzi wa namna hiyo, inazima kimyakimya, na wewe unabaki kuilaumu programu. Lakini mlinzi hatibu. Raspberry Pi 4 inapendekezewa ampia 3, nyingi kuliko mahitaji ya bodi yako, kwa hiyo kwenye waya wako ingeteseka zaidi.

Twende kwenye kadi, na hapa nadhani umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tazama mpangilio wa matukio: inawaka vizuri, inakwenda, halafu *baada ya kunakili faili kubwa* haiwaki tena. Mara mbili, kwa njia ileile. Kadi iliyochoka kwa uzee haina adabu ya kusubiri faili kubwa. Hiyo ni tabia ya kadi iliyodanganywa ukubwa: ndani ina GB 8 au 16, lakini kidhibiti chake kimeandikwa upya kiiambie kompyuta kwamba ni 64. Ni kama daftari la kurasa nane lenye jalada linalosema sitini na nne. Mwanafunzi anafika ukurasa wa tisa hauoni, anarudi wa kwanza na kuandika juu ya maandishi ya jana. Kwenye kadi nyingine data inayozidi inatupwa tu bila taarifa. Wikipedia yako ilipovuka mpaka wa kweli, ama ilijipotezea yenyewe ama ilifuta mfumo uliokuwa unaiwasha bodi. Fundi alipoiflashi ikapona, kwa sababu mfumo peke yake unaenea kwenye gigabaiti chache za mwanzo.

Hili linapimika, huna haja ya kuniamini. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Linux kuna F3, yenye amri mbili, `f3write` na `f3read`. Zote zinajaza kadi kwa data inayojulikana kisha zinaisoma kuona kama imerudi kama ilivyokwenda. Zitafuta au kubananisha ulichonacho, kwa hiyo anza na kadi tupu. Kadi ya GB 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua kama saa moja na dakika 47 kuandikwa, halafu ndipo isomwe. Ianzishe jioni uende zako. Na siku ukinunua kadi nyingine, mwambie muuzaji kabla hujatoa pesa kwamba utaipima na ikikataa utairudisha, tena chukua risiti. Muuzaji anayejua mzigo wake hatakasirika.

Kadi mpya ninayokushauri ni yenye alama ya A1. Alama ya "Class 10" inahusu kuandika faili moja ndefu kwa mfululizo, jambo linalofaa kamera. Mfumo wa kompyuta unasoma na kuandika vipande vidogo huku na kule, na A1 ndiyo inayoahidi kiwango cha kazi hiyo: angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande vidogo kwa sekunde.

Hata kadi halali ina adui mmoja ambaye Igoma mnamfahamu, nao ni umeme kukatika ghafla. Ndani ya kadi, data haikai mahali pamoja. Kidhibiti kinaihamisha mara kwa mara ili sehemu moja isichakae kabla ya nyingine, na kinatunza ramani ya nini kiko wapi. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, ramani inaweza kuharibika, na unaweza kupoteza hata faili ambalo hukuligusa siku hiyo. Ukiongeza ule waya wako mwembamba, kila bodi ilipojizima vijana walipoingia, kwa kadi ilikuwa ni sawa na TANESCO wamekata. Kwa hiyo tatizo la kwanza lilikuwa linalisha la pili.

Kituo chako kina bahati hapo: vijana wanasoma tu, hawaandiki. Weka faili za Kiwix kwenye flashi ya USB, au angalau kwenye kizigeu chake peke yake (sehemu ya kadi iliyotengwa), na kiunganishwe kwa hali ya kusoma tu. Kisichoandikwa hakiharibiki kirahisi umeme ukikatika. Zingatia pia kwamba flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4. Faili za Wikipedia kubwa zinazidi hapo, utaambiwa faili ni kubwa mno wakati nafasi unaiona. Tumia mpangilio wa ext4 au exFAT. Na fikiria kama kweli unahitaji Wikipedia yote ya Kiingereza. Yenye picha inazidi GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo sana kwa kulinganisha, na Kiwix wana vifurushi vya mada, mathimatiki, fizikia, tiba na kadhalika. Kwa vijana wako ningeanza na hivyo.

Kuhusu kuunguza kidole: kidole si kipimajoto. Binadamu anaondoa mkono kwenye nyuzi 55 au 60, joto ambalo kwa chipu ni la kawaida kabisa. Kwenye dirisha la amri la bodi andika `cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp`. Ukiona 62000, hiyo ni nyuzi 62. Chini ya 70, endelea na kazi. Ikikaa 80 na kuendelea, mfumo unapunguza kasi ili kujilinda, na hapo utaona kurasa zinachelewa. Chipu ya H3 ilitengenezwa kwa ajili ya ving'amuzi na boksi za TV. Waliouza bodi waliondoa kila kipande kinachoongeza gharama, na kipande cha alumini cha kupozea ni kimojawapo. Kinabandikwa kwa gundi yake maalumu, ni kazi ya dakika tano. Usiifungie bodi kwenye kontena la plastiki la chakula kama ninavyoona wengi wakifanya, hasa chini ya bati saa nane mchana. Isimamishe wima, toboa matundu juu na chini ya boksi, na uweke chandarua chembamba kwenye matundu hayo, maana wale wadudu wa ziwani wakifuata taa usiku hawaulizi mlango.

Programu. Kama fundi alitumia mfumo wa zamani uliotolewa na muuzaji wa bodi, andika `uname -r`. Jibu likianza na 3.4, ondoa mfumo huo wote. Kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 3.4 ilitoka mwaka 2012 na ilishaacha kutunzwa siku nyingi. Zaidi ya hapo, mwaka 2016 iligundulika kwamba toleo la 3.4 lililotengenezwa kwa ajili ya chipu za Allwinner lilikuwa na mlango ulioachwa wazi na watengenezaji: programu yoyote iliyomo ndani ikiandika neno "rootmydevice" mahali fulani, inapewa mamlaka yote ya kompyuta. Si kitu cha kuweka mbele ya vijana wa kidato cha tatu wenye udadisi. Mfumo mbadala unaitwa Armbian, unatunzwa na jumuiya. Pakua wa jina kamili lililochapwa kwenye bodi yako. Bodi mbili zenye chipu ileile zinaweza kutofautiana nyaya za ndani, na mfumo wa jirani unaweza kuwaka nusunusu kisha ukakupotezea wiki nzima.

Na hapa ndipo penye tofauti ya kweli kati ya bodi ya bei rahisi na Raspberry Pi. Neno "feki" si sahihi. Watengenezaji wengi wa bodi za bei ya chini wanauza maunzi halali, kisha wanawaachia watu wa kujitolea kazi ya programu. Raspberry Pi wametunza programu za bodi zao tangu ile ya kwanza ya mwaka 2012, na maelekezo yao yanasomeka. Unalipia huduma hiyo. Kama wewe si mtu wa kukesha na amri za Linux, ina thamani, na sitakudanganya kwamba haina.

Waifai ndiyo sehemu ambayo sitaitetea bodi yako hata kidogo. Redio zinazowekwa kwenye bodi hizi ni za bei ya chini, antena ni ndogo, na madereva yake kwenye Linux ni dhaifu. Kuhudumia simu moja inaweza. Kuwa mnara wa simu kumi au ishirini haikuumbiwa, na usiipotezee muda kuibembeleza. Kama bodi ina tundu la kebo ya mtandao, na bodi nyingi za H3 zinalo, tafuta ruta ya kawaida, hata iliyotumika, unganisha kebo kutoka bodi kwenda kwenye ruta, uzime waifai ya bodi kabisa. Ruta haihitaji laini wala intaneti. Kazi yake ni kupokea simu za vijana na kuwapeleka kwenye anwani ya bodi. Kebo hiyo inapitisha megabiti 100 kwa sekunde, na ukurasa wa Kiwix ni mdogo kiasi kwamba darasa zima halitaijaza. Kama kuna kitu kimoja ambacho vijana wenyewe watakiona kimebadilika, ni hiki.

YouTube iache. RAM ya GB 1 na kivinjari cha siku hizi havipatani, na hakuna kadi wala chaja itakayowapatanisha. Tangazo lililokwambia ni "kompyuta kamili" lilikuwa la muuzaji.

Sasa pesa. Kwa 150,000 ulizobaki nazo ningeenda kwa hatua. Kwanza waya mfupi mnene, na chaja ya kawaida ikiwa hiyo uliyonayo haionyeshi ampia za kutosha kwenye 5V. Kisha kadi ya A1 iliyopimwa, GB 32 inatosha kuanzia. Halafu ruta iliyotumika. Hapo simama, tumia wiki mbili, uone. Kikibaki kitu, kiweke kwenye UPS ndogo zile za ruta, zenye tundu la volti 12 au 9 kwa ruta na tundu la USB la volti 5 kwa bodi, ili umeme ukikatika somo liendelee. Pawabenki ya kawaida sikushauri sana kwa kazi hii. Nyingi zinakatika kwa nukta moja pale umeme wa ukutani unapoondoka au kurudi, na nukta moja inatosha kuizima bodi.

Ungeniuliza kabla hujanunua, nisingekutajia bodi ya aina yoyote. Ningekwambia utafute laptop iliyotumika yenye skrini iliyopasuka, ambayo muuzaji anaiona haina faida kwake. Ina betri yake ndani, ambayo ndiyo UPS. Ina feni. Ina diski, kwa hiyo habari za kadi zinaisha. Na Kiwix inakwenda juu ya Windows au Linux bila ufundi mwingi. Watu wananiambia inakula umeme, basi tuhesabu: laptop ya wati 15 kwa saa 8, siku 26 za mwezi, ni uniti 3.1 za Luku. Bodi ya wati 3 kwa muda huohuo ni uniti 0.6. Tofauti ni uniti mbili na nusu kwa mwezi. Kama kituo chako kinatumia sola ndogo, hapo bodi inashinda wazi. Kama uko kwenye umeme wa TANESCO, tofauti hiyo haistahili usiku mmoja wa kukosa usingizi. Kwa kuwa bodi tayari unayo, itengeneze kwanza. Ikishindikana baada ya hatua zile tatu, pesa inayofuata ipeleke kwenye laptop kabla ya kufikiria bodi nyingine.

Yapo mambo ambayo hayafai kutatuliwa kwa kuandikiana. Ukisikia harufu ya kuungua, au chipu inakuwa moto wa kushtua ndani ya sekunde chache tangu uchomeke, chomoa na usijaribu tena. Peleka kwa fundi wa elektroniki mwenye vifaa vya kufanya kazi kwenye saketi ndogo. Pawabenki au betri ya laptop iliyovimba isiingie darasani. Na kama ukigusa chuma cha ruta au laptop unahisi kutetemeshwa kidogo, tatizo ni la jengo: huenda soketi haina athi (waya wa kwenda ardhini). Hapo umtafute fundi umeme mwenye leseni kabla ya kumwalika kijana yeyote kuchomeka chochote. Mvua za ziwani nazo zinakuja na radi nyingi, mara kwa mara usiku wa manane wakati kituo kimefungwa, kwa hiyo ukiondoka jioni chomoa ekstensheni ukutani. Swichi peke yake haitoshi.

Ile taa nyekundu pekee nayo isikutishe. Kwenye bodi nyingi taa ya namna hiyo inasema tu kwamba umeme umefika. Ukitaka kujua kama bodi iko hai kweli, kuna pini tatu za mawasiliano ya maandishi, hasi, kupokea na kutuma, ambazo kwenye bodi za H3 mara nyingi zimewekwa peke yake. Kama humjui fundi wa kazi hiyo, jaribu kuuliza walimu wa elektroniki chuo cha VETA pale Nyakato. Awe na adapta ya USB ya volti 3.3, ile ya volti 5 inaweza kuua chipu. Kasi iwekwe 115200, ndani iwe kadi mpya iliyopimwa yenye Armbian ya bodi hiyohiyo, waya uwe ule mfupi. Mistari ya maandishi ikianza kutiririka, bodi ni nzima na kazi iliyobaki ni ya programu. Ikikaa kimya kabisa huku testa inaonyesha volti 5 kwenye pini, hapo nitakubaliana na fundi wako kwamba imekufa.